Kutoka Bush House hadi Milton Keynes: mkuu wa redio aliyekabidhiwa chuo kikuu

Tarehe 26 Januari 2011 wasikilizaji wa Idhaa ya Dunia ya BBC walipata habari iliyowahusu wao wenyewe. Serikali ya Uingereza ilikuwa imepunguza bajeti ya idhaa hiyo kwa asilimia 16, na mkurugenzi wake, Peter Horrocks, alikuwa anataja vitakavyoondoka. Nafasi za kazi 650 kati ya takribani 2,400. Idhaa tano nzima, mojawapo ikiwa ya Kireno kwa Afrika. Halafu ikaja orodha ya lugha ambazo matangazo yake ya masafa mafupi yangesitishwa, na humo, pamoja na Kinepali na idhaa ya Kirundi na Kinyarwanda, kilikuwamo Kiswahili.

Nyumbani kwetu redio ya betri ilikaa juu ya kabati la vyombo, na baba peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuigusa. Aliizungusha polepole, akipita kwenye mikwaruzo na lugha tusizozijua, mpaka sauti ya London ikaja. Idhaa ya Kiswahili ilikuwa hewani tangu tarehe 27 Juni 1957, kabla Tanganyika haijawa huru. Kwa hiyo jina la Horrocks lilinikaa kichwani.

Miaka minne baadaye nikakutana nalo tena mahali ambapo sikulitarajia. Mtu yule yule alikuwa amekabidhiwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, chuo mama cha elimu ya masafa, ambacho vyuo vingi vya namna hiyo duniani vilikwenda kujifunza kwake, kikiwemo Chuo Kikuu Huria chetu cha Tanzania. Alikishika Mei 2015. Aprili 2018 akajiuzulu, baada ya wafanyakazi wake wengi kusema wazi kwamba hawana imani naye.

Wengi walioandika habari hiyo waliieleza kwa sentensi moja: mtu wa televisheni hajui chuo kikuu. Naona maelezo hayo ni mepesi mno. Yanaficha mambo matatu yaliyosokotana: namna chuo kile kilivyozaliwa, sera ya ada iliyokiumiza, na maana ya neno "kufundisha" katika chuo kisicho na madarasa. Nitayafungua moja moja.

Kwanza, cheo chenyewe

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuchanganyikiwa hapa, maana vyeo vyetu vya vyuo vikuu tulivirithi kutoka Uingereza pamoja na mtego wake. Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima. Anavaa joho, anatunuku shahada, analipatia jina la chuo uzito mbele ya umma. Anayekiendesha chuo kila siku, anayebanwa na bajeti na kuongoza vikao vya Seneti, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Neno "makamu" linamfanya aonekane msaidizi, kumbe yeye ndiye mwenye usukani.

Tofauti hii ndiyo inayotenganisha watu wawili waliotoka BBC kwenda vyuo vikuu. Greg Dyke alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa BBC tangu 2000 hadi Januari 2004, alipoondoka baada ya ripoti ya Jaji Hutton kuishutumu BBC kuhusu habari za vita vya Iraq. Mwaka huo huo akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha York, alikosoma siasa akiwa mtu mzima, na alidumu hapo hadi 2015. Hakufunga idara wala hakupunguza mtu kazi, kwa sababu kiti chake hakikuwa na mamlaka hayo.

Horrocks alikalia kile kiti kingine. Wakati wake Mkuu wa Chuo Kikuu Huria alikuwa Martha Lane Fox, mwanamke aliyepata jina katika biashara ya intaneti. Horrocks ndiye aliyekuwa Makamu. Maamuzi yote magumu yalipita mezani kwake, na lawama zake zikabaki hapo hapo.

Chuo kilichozaliwa ndani ya redio

Septemba 1963, jijini Glasgow, Harold Wilson alitoa wazo la "chuo kikuu cha hewani". Alikuwa kiongozi wa chama cha Labour, na mwaka uliofuata akawa Waziri Mkuu. Aliyelibeba wazo hilo kutoka kwenye hotuba hadi kwenye bajeti ni waziri wake Jennie Lee, binti wa mchimba makaa kutoka Scotland, ambaye alikataa katakata liwe chuo cha daraja la pili kwa watu wa daraja la pili. Alisisitiza shahada zake ziwe sawa na za chuo kingine chochote. Mwaka 1969 kikapata Hati ya Kifalme, na Januari 1971 wanafunzi wa kwanza, wapatao 24,000, wakaanza masomo. Hawakudaiwa cheti chochote cha sekondari, na hadi leo chuo hicho hakidai. Dereva wa lori na mama wa nyumbani walijiandikisha kwa fomu ile ile.

BBC iliingia tangu siku ya kwanza. Vipindi vya masomo vilirushwa na televisheni na redio zake, alfajiri na usiku wa manane, na wapo Waingereza wengi wenye umri mkubwa wanaomkumbuka profesa mwenye ndevu akichora ubaoni wakati watu wengine wamelala. Kipindi cha mwisho cha aina hiyo kilirushwa Desemba 2006. Hata baada ya hapo ushirikiano haukufa. Makala kubwa za sayansi na maumbile za BBC zimeendelea kutengenezwa kwa fedha na ushauri wa chuo hicho.

Kuna jambo dogo la miaka ile ya mwanzo ambalo naliona kubwa. Kozi ya Chuo Kikuu Huria haiandikwi na mhadhiri mmoja. Inaandikwa na timu: wanataaluma kadhaa, mhariri, mtaalamu wa mbinu za ufundishaji, na, enzi zile, mtayarishaji wa vipindi kutoka BBC. Walikaa meza moja wakabishana miezi na miaka. Mtu wa BBC alikuwa na sauti kamili, ila kama mmoja wa timu. Alisema picha hii haieleweki, profesa akasema lakini ndiyo sahihi, wakatafuta ya tatu. Ndoa ya studio na chuo ilijengwa hivyo.

Kwa hiyo Horrocks alipoteuliwa, hakuwa mtu wa mbali kiasi watu wanavyodhani. Mtangulizi wake, Martin Bean, alitoka Microsoft, naye ndiye aliyeanzisha FutureLearn mwishoni mwa 2012, kampuni ya kozi za bure mtandaoni. Ukilinganisha, mtu wa BBC alikuwa kama jamaa anayerudi kwenye ukoo. Kilichobadilika ni mahali pa kukaa: mtayarishaji aliyekuwa pembeni ya meza sasa alikuwa mkuu wa meza.

Alikotoka

Horrocks alisoma historia Cambridge, akaingia BBC mwaka 1981 kama mwanagenzi. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine: mhariri wa Newsnight, kisha mhariri wa Panorama, vyote vipindi vya televisheni vya BBC, kisha mkuu wa vipindi vya uchambuzi, kisha mkuu wa habari za televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 2000 alisimamia kazi ambayo kila chombo cha habari kiliiogopa, yaani kuunganisha waandishi wa redio, wa televisheni na wa tovuti wawe chumba kimoja cha habari. Mwaka 2009 akapewa Idhaa ya Dunia.

Mapema 2010 aliwaambia waandishi wake kwamba kutumia mitandao ya kijamii si hiari tena, na kwamba asiyeweza kuvitumia vyombo hivyo hafanyi kazi yake sawasawa. Maneno makali, lakini yalipita. Waandishi walinung'unika, wakajifunza. Chumba cha habari kimezoea kuambiwa hivyo. Mhariri anapokataa habari yako saa tisa, huitishi kikao. Unaandika nyingine kabla ya saa kumi na moja.

Halafu yakaja makato ya 2011. Kabla ya 2014 Idhaa ya Dunia ililipiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, si kwa leseni ya televisheni anayolipa mwananchi wa kule. Serikali ilipobana matumizi, ilikata moja kwa moja. BBC yenyewe ilikadiria kwamba wasikilizaji zaidi ya milioni 30, kati ya milioni 180 kwa wiki, wangepotea. Horrocks hakuficha kwamba ni hasara. Alikata, kisha akajenga upande mwingine: mwaka 2012 wafanyakazi walihama Bush House, nyumba ya idhaa tangu miaka ya vita, wakaungana na wenzao wa Broadcasting House, makao makuu ya BBC, na mwaka huo huo Dira ya Dunia, kipindi tulichokijua kwa masikio, kikaanza kuonekana kwenye televisheni za Afrika Mashariki.

Unaweza kuyapenda au kuyachukia maamuzi hayo. Mimi niliyachukia, maana nilijua vijiji ambako hakuna redio ya FM wala televisheni. Lakini lazima nikiri kwamba idhaa haikufa mikononi mwake. Alipoondoka BBC, baada ya zaidi ya miaka 30, alikuwa na sifa ya mtu anayeweza kupunguza bila kubomoa na kuhamisha watu kutoka teknolojia ya zamani kwenda mpya. Baraza la chuo chenye shida ya fedha likisoma wasifu kama huo, linaona mkombozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ugonjwa aliokabidhiwa

Hii ndiyo sehemu inayorukwa mara nyingi, nami nadhani ndiyo yenye uzito zaidi. Chuo Kikuu Huria hakikuanza kuumwa mwaka 2015.

Mwaka 2007 serikali ya Uingereza iliamua kuacha kuvipa vyuo vya England ruzuku kwa ajili ya mtu anayesoma shahada iliyo sawa na aliyo nayo, au ya chini yake. Ilionekana haki: kwa nini umlipie mtu mara mbili? Lakini fikiria ni nani anayerudi kusoma akiwa na shahada tayari. Ni mtu mzima anayebadili kazi. Ni mwalimu wa historia anayetaka kufundisha hisabati. Na mtu huyo kwa kawaida haachi kazi akaenda kukaa bwenini. Anajiandikisha masomo ya masafa. Pigo lililolengwa kwa vyuo vyote likatua hasa juu ya chuo kimoja.

Kisha ukaja mwaka 2012. Serikali ilipunguza sana ruzuku ya kufundisha England, ikaruhusu ada zipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa muda wote. Chuo Kikuu Huria hakikufika huko, lakini mwaka kamili wa masomo, unaohesabiwa krediti 120, ulipanda hadi pauni 5,000 hivi, mara kadhaa zaidi ya zamani. Serikali ilisema hakuna tatizo, maana kwa mara ya kwanza hata wanafunzi wa muda wa ziada wangepata mkopo wa ada.

Kijana wa miaka 18 anakopa kwa sababu wenzake wote wanakopa, na maisha yote yako mbele. Mama wa miaka 41 mwenye watoto wawili na mkopo wa nyumba anahesabu namna nyingine. Anajiuliza kama deni hili litamletea mshahara kabla hajastaafu. Wengi walijibu hapana. Na wale wenye shahada tayari mara nyingi hawakuruhusiwa kukopa kabisa. Kati ya 2010 na 2015 wanafunzi wa chuo hicho walipungua kwa karibu theluthi. Kuanguka huko kulikuwa kukali zaidi England. Katika sehemu nyingine za nchi, kama Scotland, ambako sera ya ada ilikuwa tofauti, mambo hayakuwa mabaya kiasi hicho. Chuo kimoja, masomo yale yale, wakufunzi wale wale, matokeo tofauti kwa kuvuka mpaka. Sijui ushahidi gani unaweza kuwa wazi kuliko huo kwamba kisa kilikuwa ada, wala haukuwa ubora wa kufundisha.

Ila Makamu Mkuu wa Chuo hana mamlaka juu ya sera ya ada ya taifa. Anaweza kuilalamikia, na Horrocks aliilalamikia hadharani mara nyingi, akieleza kwamba elimu ya watu wazima inaporomoka huku taifa likitazama. Kilichokuwa ndani ya uwezo wake ni gharama za chuo. Mtu mwenye nyundo moja anagonga mahali nyundo inapofika.

Vituo vya mikoa

Alianza na vituo. Chuo kilikuwa na ofisi za kanda sehemu mbalimbali za England, ambako wafanyakazi walishauri wanafunzi na kusimamia wakufunzi wa eneo. Mwaka 2015, miezi michache tu baada ya kuingia, ulikuja mpango wa kufunga saba: Birmingham, Bristol, Cambridge, Gateshead, Leeds, London na Oxford. Kazi zao zingehamia Manchester, Nottingham na makao makuu ya Milton Keynes. Wafanyakazi wapatao 500 waliguswa. Novemba mwaka huo Baraza la Chuo likapitisha, na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu wakagoma.

Hoja ya uongozi haikuwa ya kijinga. Wanafunzi wengi hawakuwa wanakanyaga ofisi hizo. Walipiga simu au waliandika barua pepe. Vituo vikubwa vichache vingeweza kupokea simu hadi usiku. Kwa mtu aliyetoka kuzima masafa mafupi na kuhamia FM na intaneti, mantiki ilikuwa ile ile: mfuate msikilizaji alipo sasa, usilinde mnara kwa sababu ya kumbukumbu.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na shahada yake aliipata kwa masomo ya masafa hapa Tanzania. Chuo Kikuu Huria chetu, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kusajili wanafunzi muda mfupi baadaye chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kilijengwa juu ya vituo vya mikoa. Kwa miaka sita dada alikwenda kituoni mara chache sana kwa mwaka: kuchukua vitabu, kukutana ana kwa ana na mwalimu, kufanya mitihani. Ukihesabu siku, hazifiki hata mwezi. Mhasibu angesema kituo hakitumiki. Lakini mwaka wa tatu, alipofiwa na mumewe na akawa ameamua kuacha, aliyemzuia ni mama mmoja wa ofisi ya kituo aliyemjua kwa sura. Alimwambia, "Mwalimu, usiache, ahirisha tu. Nitakushikia nafasi." Hakuna takwimu inayorekodi kitu kama hicho.

Simsemei mwanafunzi wa Leeds. Ila nilipoanza kusoma habari za migomo ile nilimkumbuka yule mama, na nikaelewa kwa nini watu walisimama kwenye baridi wakishika mabango kwa ajili ya ofisi ambazo wanafunzi wengi hawakuwahi kuziona.

Kauli iliyovunja kila kitu

Juni 2017 Horrocks alitangaza mpango mkubwa zaidi: kupunguza pauni milioni 100 kwa mwaka katika bajeti ya pauni milioni 420 hivi, na sehemu ya fedha hizo irudi katika ufundishaji wa kidijitali. Alitaka chuo kiwe cha wingu la mtandao, kama kilivyokuwa cha mawimbi ya hewa wakati wa Wilson. Machi 2018 nyaraka za ndani zikavuja, zikionyesha kozi nyingi na ajira nyingi zikiwa hatarini.

Wakati huo huo akasema neno. Maana yake ilikuwa kwamba chuo kimewaacha wanataaluma kwa miongo kadhaa wakwepe kufundisha. Aliomba radhi baadaye, lakini chama cha wafanyakazi kilikwisha ita kura ya kutokuwa na imani, nayo ikapita. Tarehe 13 Aprili 2018 akajiuzulu.

Ukitazama juu juu, alichosema kina chembe ya ukweli. Profesa wa Chuo Kikuu Huria aliyeko Milton Keynes anaweza kukaa mwaka mzima asizungumze na mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanaozungumza nao ni wakufunzi wa muda, wapatao 5,000 wakati ule, waliotawanyika nchi nzima. Hao ndio wanaosahihisha kazi za kuandika, wanaopiga simu jioni, wanaojua kwamba fulani hajaleta kazi ya tatu kwa sababu mama yake yuko hospitali.

Lakini rudi kwenye ile timu ya kozi. Profesa huyo wa Milton Keynes ametumia miaka miwili au mitatu na wenzake wakiandika kozi ambayo maelfu ya watu wataisoma peke yao, jikoni, watoto wakiwa wamelala. Kila aya imepimwa: je, msomaji asiye na mtu wa kumuuliza ataelewa? Mfano huu unatosha, au ataachia hapa? Huko ndiko kufundisha kwake. Katika elimu ya masafa mwalimu anaingia ndani ya maandishi, kisha anajiondoa. Kumwambia mtu huyo hafundishi ni sawa na kumwambia mhariri wa Panorama kwamba hafanyi kazi ya televisheni kwa kuwa uso wake hauonekani kwenye kioo. Na Horrocks alikuwa mhariri wa Panorama! Katika watu wote, yeye alikuwa na ujuzi wa kulielewa jambo hili kutoka ndani, na hilo ndilo linaloniuma katika kisa chake chote.

Saa mbili tofauti

Tuiweke sasa pamoja. Alipowaambia waandishi wa BBC mwaka 2010 kwamba asiyebadilika hafanyi kazi yake, walibadilika. Alipowaambia wanataaluma jambo la ukali ule ule mwaka 2018, kiti kilimponyoka. Ni mtu yule yule na mdomo ule ule, lakini alikuwa amehamia nyumba yenye sheria nyingine.

Katika chombo cha habari mamlaka hushuka. Mkurugenzi humteua mhariri, mhariri humpa mwandishi kazi, na jioni kipindi kinakwenda hewani. Kikiharibika, kesho kipo kingine. Idhaa ikifungwa Ijumaa, Jumatatu imenyamaza, na msikilizaji hana mkataba wa kudai.

Chuo kikuu kinatembea kwa saa nyingine. Kuna Baraza, linaloshika fedha na mali. Kuna Seneti, ya wanataaluma, inayoshika masomo: kipi kifundishwe, nani afaulu, shahada iwe na nini ndani. Makamu Mkuu wa Chuo husimama katikati. Upande wa Baraza anaweza kuamuru. Upande wa Seneti lazima ashawishi, na kushawishi kunataka muda na staha. Anayepoteza heshima ya Seneti hubaki na saini tu.

Tena kuna mwanafunzi. Wa Chuo Kikuu Huria huchukua miaka sita au zaidi kumaliza shahada, kwa kuwa anasoma nusu mwendo. Ukifuta kozi leo, yuko mtu aliye mwaka wa pili ambaye njia yake inapita kwenye kozi hiyo mwaka wa tano. Ahadi uliyompa hainyamazi Jumatatu. Ada zilipopanda 2012, chuo kililazimika kuwaachia wanafunzi wa zamani ada nafuu ya mpito kwa miaka mitano. Mpango wa pauni milioni 100 ulitaka kwenda kwa saa ya chumba cha habari ndani ya taasisi ya namna hiyo.

Je, ina maana mtu wa vyombo vya habari asipewe chuo? Siamini hivyo, na jambo hili linatugusa, maana elimu huria inazidi kupanuka kwetu. Kenya ilitoa hati kwa Chuo Kikuu Huria chake Agosti 2023, na chuo cha namna hiyo kitahitaji watu wanaojua sauti, picha na mtandao kama kinavyohitaji maprofesa. Ninachokiona katika kisa cha Horrocks ni kwamba ujuzi wake ulikuwa wa kweli na ulihitajika. Ugonjwa pia ulikuwa wa kweli. Ila aliutafuta ugonjwa kwa walimu, wakati ulikuwa umekaa kwenye ada, na kwa kufanya hivyo akawapoteza watu pekee ambao wangeweza kuubeba mzigo pamoja naye.

Baada yake Mary Kellett, profesa wa humo humo ndani, alikaimu. Oktoba 2019 akaja Tim Blackman, mwanasosholojia aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Middlesex. Na Agosti 2022, baada ya mazungumzo ya miaka mingi na chama cha wafanyakazi, zaidi ya wakufunzi 4,000 wa muda, wale wanaopiga simu jioni, walihamishiwa kwenye mikataba ya kudumu.